Kerubo Akataa Kugeuka

Kerubo alikuwa na tabia iliyowakera abiria wake. Kabla ya kuruka, alijisemea kwa sauti atakachofanya mambo yakiharibika. "Injini ikizimika tukiwa ndiyo kwanza tumepaa, sigeuki. Nainamisha pua, natua mbele."

Asubuhi ile, katika uwanja wa ndege wa Juba, aliyeketi kando yake alikuwa Ruqiyo, mwenye duka la vitenge mtaa wa Hai Cinema. Marobota yake yalifungwa nyuma kwa wavu, yakielekea mji wa Maridi.

"Astaghfirullah! Binti yangu, mbona unatutabiria mabaya?"

"Sitabiri, mama. Naikumbusha mikono yangu."

Maneno hayo aliyapata Nairobi, alikojifunza urubani baada ya kutoka kwao Nyamira. Mwalimu wake, mzee asiyecheka, alikuwa akipunguza nguvu za injini ghafla ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi, kisha anamtazama atafanya nini. Mara ya kwanza Kerubo alikata kona kurudi alikotoka. Mzee akamnyang'anya usukani.

"Leo ungetuua," alimwambia walipotua. "Ndege isiyo na nguvu, ukiigeuza karibu na ardhi, inaanguka kama gunia. Uwanja ulio nyuma si wako tena."

Walirudia zoezi hilo hadi likamwingia mwilini. Sasa alikuwa na miaka kadhaa Sudan Kusini, akipeleka watu na mizigo kusikofikika kwa gari mvua zikinyesha, na injini haikuwa imemzimikia hata siku moja.

Ndege ikapaa. Mapaa ya mabati yalianza tu kuwa madogo, injini ikapiga kishindo, ikatikisa viti, ikanyamaza. Ukabaki mvumo wa upepo.

Kabla hajafikiri, Kerubo alishausukuma usukani mbele. Pua ikainama, ardhi ikajaa kioo chote.

"Rudi!" Ruqiyo alipiga ukelele, akimng'ang'ania mkono. "Uwanja uko hapo nyuma, walahi nauona!"

"Niachie mkono, mama." Alisema kama mtu anayeagiza chai. "Kaza mkanda. Fungua mlango kidogo, usije ukakwama tukigonga."

Ruqiyo akatii, midomo ikisoma dua.

Kerubo akajaribu swichi ya pampu; injini haikujibu, naye hakuibembeleza. Akawaambia waongozaji wa ndege mnarani kwa maneno machache kwamba anashuka. Kulia palikuwa na nyumba, kushoto nguzo za umeme. Mbele, upande wa mtaa wa New Site, aliona viwanja vilivyopimwa lakini havijajengwa, nyasi tupu. Akapachagua hapo. Akafunga mafuta, akazima umeme, akailinda kasi mpaka nyasi zilipokaribia tumbo la ndege, ndipo akauvuta usukani polepole.

Magurudumu yakagonga, yakaruka, yakagonga tena. La mbele likavunjikia kwenye jiwe. Ndege ikaburura pua, ikasimama.

"Toka! Kimbia!"

Walikimbia hadi mbali, wakangoja moshi. Haukutokea. Mwanamke mmoja akaja mbio kutoka nyumba iliyo karibu. Aliitwa Kiden, na kiwanja kilikuwa chake.

"Nyinyi iko salama?"

"Tuko salama, dada."

Kiden akashusha pumzi, kisha akatazama chini, uso ukabadilika. "Jiwe yangu! Jiwe ya mpaka iko wapi?"

"Tumetoka mautini, wewe unatafuta jiwe?" Ruqiyo alifoka.

"Mama, jirani anataka kula kiwanja yangu. Akikuta jiwe hakuna, khalas, imekwisha."

Kerubo alielewa, kwani kwao Nyamira watu waliwahi kushikiana mapanga kwa ajili ya mpaka. Alipohakikisha mafuta hayavuji, akalitafuta jiwe, akalikuta limeviringishwa karibu na bawa. Akapiga magoti na shati lake jeupe la rubani, akalirudisha kwenye shimo lake, ambalo bado lilionekana wazi.

Jiwe likayumba shimoni. Kiden akaishika mikono ya Kerubo yote miwili, akaikandamiza juu ya jiwe, wakaufukia udongo pamoja. Ruqiyo naye, akinung'unika, akaushindilia kwa kiatu.

Baadaye fundi wa ndege, Mogga, alipoifungua injini, alikuta shafti, mhimili unaoizungusha, imekatika ndani. "Hata ungefanya nini kule juu, isingewaka," alimwambia Kerubo.

Wiki iliyofuata Kerubo alirudi kazini kwa ndege nyingine. Ruqiyo alituma marobota bila yeye kupanda mara mbili, mara ya tatu akaja mwenyewe, akapanda bila ubishi, akaanza kumweleza Kerubo bei ya vitenge vipya kabla hata mlango haujafungwa.