Mwalimu Paskazia na Kompyuta Kumi Zisizo na Diski

Paskazia alipiga taipu miaka kumi na minane katika ofisi ya pamba, hadi mwaka 1994 watu walipopunguzwa kazini na jina lake likawemo. Akapata kibarua cha kufundisha taipu katika chuo kimoja cha mtu binafsi pale Nyamagana.

Mwaka uliofuata mkuu wa chuo, Bwana Shimba, akaleta kompyuta kumi zilizokwisha kutumika Ulaya. Wenyewe walikuwa wameng'oa diski zote kwa kuogopa siri zao zisivuje. Diski ilikuwamo katika mashine moja tu ya pembeni, seva, na zile kumi ziliitegemea kwa waya. Fundi aliyeziunganisha aliondoka zikionyesha maandishi matupu, na tangazo la chuo lilikwisha kuahidi Windows, programu ya picha na mausi. Bwana Shimba akamkabidhi Paskazia kitabu cha Kiingereza, akamwomba ajaribu.

Alihangaika wiki sita. Ikiwashwa moja, Windows ilifunguka vizuri. Zikiwashwa mbili, zilivurugana. Mwishowe akagundua kwamba zote zilikuwa zikiandika mambo yao mahali pamoja ndani ya seva. Akaitengea kila mashine sehemu yake. Siku skrini zote kumi zilipofunguka kwa pamoja, alikaa akalia peke yake.

Alifundisha miaka miwili. Kisha ukaja utaratibu kwamba kila mwalimu wa kompyuta awe na cheti, na njia ya kukipata ilikuwa kufanya mtihani pamoja na wanafunzi wake. Ilimuuma, lakini alijiandikisha. Akaketi karibu na Odeta, binti wa Magu ambaye yeye Paskazia ndiye alimfundisha hata kushika mausi.

Nusu saa baadaye skrini zote ziliganda. Msimamizi, aliyetoka Dar, aliagiza kila mtu atulie kitini. Zikapita dakika kumi. Paskazia alijua ni ile ncha ya waya nyuma ya kabati, iliyozoea kulegea. Alijua pia kwamba atakayezima mashine atapoteza kazi yote ambayo haijafika kwenye seva. Odeta, machozi yakimtoka, alikuwa amekwisha kupeleka kidole kwenye swichi. Paskazia akainuka, akamshika mkono, akaenda kukaza ile ncha, akawaambia wote wabonyeze R, yaani jaribu tena. Kazi ikaendelea.

"Mama, umetoka kwenye nafasi yako na umezungumza na watahiniwa," msimamizi alisema. "Karatasi yako naifuta."

Bwana Shimba alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama sakafu.

Matokeo yalipotoka, walifaulu wote isipokuwa yeye. Kazi yake akapewa Odeta.

Haukupita muda Odeta akamfuata nyumbani Igoma. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akaeleza kwamba mtu alifuta vitu ndani ya seva na sasa Windows haifunguki hata kwenye mashine moja. Bwana Shimba ndiye aliyemtuma.

Paskazia alimsikiliza hadi mwisho.

"Odeta, cheti chako kinasemaje?"

Binti akainuka. Akaaga, akaondoka.

Paskazia alitarajia angalau raha ya kulipiza. Haikuja. Alisikia aibu, na hasira kwamba aibu hiyo imemwangukia yeye tena. Mwezi mmoja baadaye alisikia sokoni kuwa chuo kimerudia taipu za zamani, na kompyuta zimefunikwa vitambaa. Hakuna aliyekuja kumwita tena.