Mafiga Chini ya Tope

Nakumbuka siku moja baada ya mafuriko, mwanangu, nikiwa nimesimama kwenye tope mpaka magotini, jembe mkononi. Wewe umenijia na habari za ploti ile kando ya mto. Unasema maji yamepungua, wenyewe wamehama, na ukichelewa wengine watakutangulia. Keti. Chai ikipoa tutapasha. Nikuambie habari za kijana mwingine aliyeogopa kutanguliwa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeolewa juzijuzi, huku chini ya Longisa. Mume wangu alichuma majani chai Kericho, akilala kwenye kambi ya kampuni, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Nyumba yetu ilikuwa bondeni. Mvua ikanyesha wiki nzima, mto ukaja, ukaichukua pamoja na kuku wangu wote. Nikahamia jikoni kwa mama mkwe na tumbo la miezi sita. Usicheke, wewe hujawahi kulala mbuzi wa mama mkwe wakikutafuna shuka.

Mto ulipotulia, tukakuta umehama. Zamani, watu walipoanza kuzungushia mashamba ua, wazee wa kokwet, yaani baraza letu la majirani, walisema mto ndio mpaka kati yetu na Kogo Tapkigen (kogo kwetu ni bibi), mjane wa ng'ambo. Sasa mto ulikuwa umekata kona na kupita nyuma ya kiwanja chake. Nyumba yake ilikwenda kama yangu, naye akakimbilia kwa binti yake Siongiroi. Kipande chake kikabaki upande wetu, kimefunikwa udongo mpya mweusi, mzuri mpaka unatamani kuula. Nikasema, mpaka ni mto, na mto umenipa.

Mama mkwe aliniona nikibeba miche ya mkonge kwenda kupanda ua.

"Tangu lini mto ukakaa kwenye kokwet ukaamua kesi?" akaniuliza.

Nikajitwika miche yangu, nikaenda kupanda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa na haraka ya kulivunja. Sikuweza kutulia. Nikilala naona nguzo, nikiamka naona paa. Nilitaka mtoto azaliwe kwangu, na nilitaka mume wangu arudi akute mimi si mwanamke wa kukaa tu.

Ndipo asubuhi ile nikaanza kuchimba shimo la nguzo, jembe likagonga jiwe. Nikapapasa kwenye tope. La kwanza, la pili, la tatu. Yalikuwa mafiga, mwanangu, mawe ya kupikia, yamekaa vilevile yalivyoachwa, na majivu katikati. Hapo palikuwa jikoni kwa mtu. Nilijua, usifikiri sikujua. Nikayabeba moja moja, nikayaficha kwenye nyasi ndefu nyuma ya mkonge, nikafukia shimo.

Kabla sijanawa mikono nikaona mtu anakuja polepole na fimbo. Kogo Tapkigen. Alikuwa ametembea kutoka Siongiroi. Akasimama, akageuka huku, akageuka kule.

"Mtoto, nyumba yangu ilikuwa wapi? Huu mto umenipoteza. Mti wangu umeenda, njia imeenda. Nikipata mafiga yangu tu, wazee watajua hapa ni kwangu. Siwezi kukaa kwa mkwe wangu. Mimi na yeye ni aibu hata kupitana mlangoni. Nikisikia anakohoa nje, natoka na uji wangu naenda kunywa nyuma ya nyumba."

"Sijaona kitu, kogo," nikasema.

Nikamletea maji ya kunywa. Alipomaliza akanishika mikono yote miwili, akaitazama, akaitemea mate kidogo kama wazee wetu walivyobariki, akasema mtoto wangu azaliwe salama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akamkaribisha, tukawa wanawake watatu na mbuzi jikoni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu aliliomba mwenyewe siku hiyohiyo. Akawa anashinda akichimba mahali pasipo penyewe, jioni anarudi na tope mpaka kwenye nywele, anakula ugali kwenye sahani moja na mimi. Siku ya tatu viganja vyake vikapasuka. Nilitoka, nikaingia, nikaenda kuchota maji ingawa mtungi umejaa.

Siku ya nne akaweka jembe chini.

"Kesho narudi kwa mkwe," akasema. "Nitazoea kula nyuma ya nyumba."

Nilikimbilia kwenye mkonge. Nikayaleta mafiga yale, moja moja, nikayaweka mbele yake mlangoni, mama mkwe akitazama. Nikamwambia nilipoyatoa. Kisha nikangoja matusi.

Kogo akapitisha kidole kwenye jiwe. "Siku ile nilipokushika mikono, ilikuwa na masizi," akasema. "Tope halina masizi."

"Ulijua? Na ukanibariki?"

"Nilibariki mtoto. Wewe nilikuwa nakungoja."

Nililia, mwanangu, na sioni haya kusema. Kokwet ikaamua mpaka ubaki pale mto ulipokuwa zamani. Mkonge wangu niliung'oa mwenyewe, watu wakiangalia, nikaupanda upya kwenye mkondo mkavu. Kogo akajenga pale pale penye majivu yake. Sisi tulijenga baadaye, juu kwenye mawe. Mtoto alizaliwa jikoni kwa mama mkwe, na aliyempokea ni Kogo Tapkigen, kwa viganja vyenye makovu niliyomsababishia mimi.

Basi, hiyo ploti yako. Kabla hujapiga kigingi, mtafute aliyefukuzwa na maji. Mfuate huko alikokimbilia, umuulize kwa mdomo wako kama ameuza au amekimbia tu, maana kukimbia si kuuza. Ukichimba ukakuta majivu, simama, uite majirani. Na hata ikiwa yako kwa haki, usijenge mahali ambapo mto umewahi kulala, kwa sababu utarudi kulala. Ni afadhali ubanane na mbuzi mwaka mmoja kuliko kuishi miaka hamsini juu ya jiko la mtu.

Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na mlango ambao hakuna mtu anayelia nje yake. Moto wako usizimike, na watoto wako waukute ukiwaka.

Sasa lete mikono nikubariki. Hapana, usiifute. Nataka kuiona kwanza.