Nafasi Kando ya Yefim

Tsilya Markovna Gorelik alikuwa na vidole vinane na nusu. Kimoja na nusu vilibaki kwenye mashine ya kubana vifungo, katika kiwanda cha makoti ya jeshi mjini Gomel, mwaka 1953. Mwenyewe alipenda kusema kwamba kuna askari wa Kisovieti aliyetembea na kipande cha Myahudi kifuani bila kujua. Aliyasema hayo mezani, watu wakiwa na samaki mdomoni, halafu akauliza kwa nini hatuli.

Naandika habari zake kwa sababu waliokwisha kuziandika waliziandika vibaya, na wa kwanza wao ni mimi.

Kusanyiko letu ni la Wayahudi tuliotoka Urusi, Ukraine na Belarusi, tukaja Ujerumani na masanduku, na humu tukamwamini Yesu. Kwetu lazima aitwe Yeshua. Ukikosea, Wajerumani wetu watakurekebisha. Maana theluthi ya kusanyiko ni Wajerumani wanaotupenda, na upendo wao ni mzito kuubeba. Volkmar Diestelkamp, mwalimu mstaafu wa jiografia, huvaa kofia ndogo na shali ya sala kwa mbwembwe ambazo babu yangu, aliyekuwa navyo kweli, hakuzijua. Kila Ijumaa jioni tunakodi ukumbi wa Walutheri katika mji wetu huu wa bonde la Ruhr, tunawasha mishumaa ya Sabato, tunaimba, tunakula.

Tsilya Markovna alifika kwetu baada ya kufiwa na mumewe, Yefim Borisovich, fundi redio. Yefim alizikwa kwenye makaburi ya Wayahudi, kwa kuwa wote wawili walikuwa kwenye orodha ya jumuiya ya Kiyahudi ya mji. Mama, ndivyo tulivyomwita Tsilya Markovna, akachongesha jiwe la watu wawili, kama tunavyopenda sisi tuliotoka kule: upande mmoja Yefim, 1928 hadi 2003, upande wa pili jina lake mwenyewe, 1931, kistari, kisha patupu. Hawakujaliwa mtoto. “Wenzangu wana wajukuu,” alikuwa akisema, “mimi nina shimo. Lakini ni shimo zuri, lina mume.”

Jirani alimleta kwetu kula keki ya asali. Siku hiyo tuliimba zaburi kwa Kiyidi, lugha ya mama yake, ambayo hakuwa ameisikia tangu amzike mama huyo. Alilia, akala keki, Ijumaa iliyofuata akarudi. Mwaka wa tatu akabatizwa ziwani, mwezi wa sita, maji baridi, akitukana kwa Kiyidi chinichini. Nilikuwepo, na nasema wazi: aliamini. Aliamini kuliko mchungaji, na kuliko mimi.

Tatizo lilikuwa moja. Jumuiya ya Kiyahudi haimlazi makaburini mwake mtu aliyebatizwa. Kwa hiyo mama alinyamaza. Jumatano alikwenda kwenye klabu yao ya wazee kucheza lotto, mchezo wa kadi za namba, Ijumaa alikuja kwetu, na kila mtu kwetu alimsikia akisema: “Msinipige picha. Mkinipiga picha mnanizika mbali na Yefim.” Hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Mimi ndiye nilikuwa natengeneza barua ya maombi, kurasa nne zinazotumwa kwa marafiki wa huduma Ujerumani nzima. Mchungaji wetu, Arkadi Lvovich, hakuridhika nayo hata siku moja.

“Lyova, kila toleo picha ya mkate wa Sabato wa kusukwa. Watu wamechoka na mkate. Nipe uso.”

“Uso wa nani?”

“Wowote uliookoka.”

Ijumaa moja ya Novemba ilikuwa zamu ya Tsilya Markovna kuwasha mishumaa. Mwanamke akishawasha, hupitisha mikono juu ya moto mara tatu kama anayeuita uje kwake, kisha hufunika macho kwa viganja na kuomba. Nikajiona mjanja: uso umefichwa, macho yamefunikwa, haonekani wala haoni. Nikapiga. Ilikuwa picha nzuri, Mungu anisamehe. Chini yake nikaandika, “Mama wa Kiyahudi, miaka 84, amepata Nuru,” bila jina. Arkadi Lvovich alinikumbatia. Vidole hakuna aliyevifikiria. Tulikuwa tumevizoea mno hata tukaacha kuviona.

Ndugu Diestelkamp naye ana huduma yake. Hupita mitaani akisoma majina kwenye milango, na akikuta jina analoona ni la Kiyahudi, hutumbukiza barua yetu kwenye sanduku. Akakuta Rosenblit, akafurahi. Semyon Davidovich Rosenblit ni katibu wa chama cha mazishi cha jumuiya, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akicheza lotto akitazamana na vidole vile.

Mama aliitwa ofisini kwake. Nilimsindikiza, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Semyon Davidovich alimvutia kiti, akammiminia chai, kisha akaweka barua yetu mezani.

“Hii mikono ya nani?”

“Ya mwanamke aliyezembea kazini.”

“Usinitanie, Tsilya Markovna.”

“Sasa unauliza nini, Syoma? Imekufunga lotto miaka yote hiyo.”

Akatoa karatasi nyingine. “Nimeshakuandikia. Mistari mitatu tu. Ulikwenda kwa ajili ya keki, wakakudanganya, Yesu wao humjui. Tia sahihi, nafasi yako iko palepale, na hii barua yao nafungia samaki.”

“Keki ilikuwa nzuri, hapo umesema kweli. Hayo mengine nani kakwambia?”

“Mama, mshika mawili moja humponyoka!”

“Yefim alikula nguruwe miaka arobaini. Sinagogi aliiona kwa nje. Mbona yeye yumo?”

“Kula ni kula. Hakubatizwa.”

“Na wewe? Ulikuwa katibu wa Chama cha Kikomunisti kiwandani kwako, ukihubiri kila Jumatatu kwamba Mungu hayupo.”

“Na mpaka leo nasema hayupo!” Semyon Davidovich akapiga meza. “Lakini huyo asiyekuwepo ni wa kwetu!”

Mama alicheka. Kisha akavaa miwani, akasoma ile mistari mitatu taratibu, akairudisha.

“Mwaka wa arobaini na tisa nilitaka chuo cha ualimu. Karani akaniambia, binti, kwenye mstari wa tano, pale pa taifa, andika Mbelarusi. Pua yako inaruhusu, na mimi nitafumba macho. Sikuandika. Ndiyo nikaenda kwenye vifungo. Leo unanipa kalamu tena niandike kwamba mimi siye.”

“Si jambo moja.”

“Kwako. Mimi naona kalamu ni ileile.”

Alipofika mlangoni aligeuka. “Syoma, jina langu pale kwenye jiwe. Mtalikwangua?”

“Kamati itaamua,” alisema, akitazama meza. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na nilimchukia hivyohivyo.

Kwenye ngazi nilimwomba msamaha. Alishika chuma cha ngazi kwa mkono ule mbovu.

“Nilikuwa nimefumba macho, Lyova. Nilikuwa naomba. Ulishindwa kungoja nimalize?”

Majuto ni mjukuu, husema watu. Yeye hakuwa na mjukuu, basi majuto nimeyarithi mimi.

Alikufa Februari. Tulimzika kwenye makaburi ya manispaa, ng'ambo ya barabara kuu, kati ya dereva wa tramu na mwalimu wa piano, Wajerumani wote wawili, watu wema bila shaka. Diestelkamp alipuliza pembe ya kondoo dume mpaka akaishiwa pumzi. Semyon Davidovich alisimama nje ya geti muda wote tulipokuwa tukiomba kwa jina la Yeshua. Tulipotoka alipita katikati yetu bila salamu, akaingia, akaweka kokoto juu ya udongo, kama ilivyo desturi ya Wayahudi makaburini.

“Usihuzunike, ndugu,” Arkadi Lvovich aliniambia garini. “Mwili ni vazi tu. Mahali pa kaburi si kitu.”

“Basi tukuzike Uchina,” nikasema.

Kwenye taa ya pili ya barabarani alinigeukia. “Ile picha yake,” akasema, “tuitoe tena toleo hili. Hakuikana imani hata kwa ajili ya kaburi. Unajua watu watakavyoguswa?”

Nilikataa, nikaacha kazi ya barua siku ileile. Haikusaidia kitu, nakala walikuwa nayo. Barua ilitoka, kichwa chake “Shahidi Mwaminifu”, na mikono yake ukurasa wa kwanza, mikubwa kuliko mara ya kwanza. Watu waliguswa kweli. Walituma kadi.

Kamati haijaamua mpaka leo. Mwezi wa nne nilikwenda kwa Yefim. Jiwe liko vilevile: jina lake, mwaka, kistari, mwaka, kisha jina la mkewe, mwaka, kistari, kisha patupu, na chini yake nyasi ambazo hakuna jembe lililozigusa. Ukilisoma jiwe lile, Tsilya Markovna bado yu hai, amechelewa tu njiani, na mumewe anamngoja.

Nilikuwa na kokoto mbili mfukoni. Moja niliiweka upande wa Yefim. Ya pili nilirudi nayo nyumbani, kwa sababu kokoto huwekewa mtu aliyepo.