Kuvuka Mlangoni kwa Mguu Mmoja na Nusu

Watu wengine wana mpira, wengine wana bao. Mimi tangu ujana nilikuwa na baiskeli na vilima. Mavuno ya ufuta yakishaingia ndani na wenzangu wakianza kupumzika, nilitafuta njia ambayo sijawahi kuipita, ile inayopenya kati ya kilima na kilima, nikaifuata mpaka nione upande wa pili kuna nini. Mara nyingi kulikuwa na mikorosho, kama kule nilikotoka. Lakini mikorosho ukiitazama kutoka juu inakuwa kitu kingine kabisa. Katika vijiji vya Ruangwa waliniona nikitokeza vichakani nikiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, wakajua natafuta madini. Mzee mmoja wa Narung'ombe alinifuata mwendo mrefu akinisihi nimwonyeshe jiwe nililookota, hata kama ni dogo. Nilimwambia nimekuja kutazama tu. Hakuniamini hata kidogo.

Nimezaliwa Nkowe, nikaoa na kuhamia Nachingwea, na kati ya nyumba ya mama na nyumba yangu kuna kipito nilichokipenda kuliko vyote. Watu hupaita Mlangoni. Ni njia ya miguu ya zamani, tangu kabla ya barabara ya magari iliyozungushwa huko chini. Inapanda polepole ndani ya miombo, kisha inainuka ghafla kama ngazi, na juu kabisa mawe mawili makubwa yameachana kiasi cha kupita mtu na mzigo wake. Ukipita kati ya mawe hayo umetoka Nachingwea, uko Ruangwa. Sina hakika kama mpaka wa serikali uko hapo hasa. Kwangu mimi uko hapo.

Kisha pikipiki ikanivunja. Nilikuwa abiria, mvua inanyesha, dereva akakwepa mbuzi, tukaingia mtaroni, na chuma chote kikanilalia mguu wa kushoto. Dereva alitoka na michubuko. Mimi hospitali walinihangaikia kadiri walivyoweza, mwisho wakaukata mguu chini ya goti. Nilirudi kwenye kazi yangu ya mashine ya kusaga, nikawa nakaa kwenye kigoda pale nilipozoea kusimama. Baadaye nikapata mguu wa bandia, nikajifunza kutembea nao, nikaenda nao msikitini na sokoni. Baiskeli niliitundika ukutani, juu ya magunia, na nikajizoeza kutoitazama.

Mama aliniunga mkono katika hilo. Kila tulipoongea kwa simu alimalizia na neno lilelile, kwamba baiskeli niiache. Mama alijifunza Kiswahili ukubwani, sokoni, na akiingiwa na hofu hurudi kwenye Kimwera chake. Hilo la baiskeli hakuwahi kulisema kwa Kiswahili.

Aliyeishusha baiskeli ukutani ni mke wangu. Hakuniuliza. Nilirudi kutoka kazini nikakuta ukuta uko wazi, na kesho yake baiskeli ikarudi kutoka kwa fundi ikiwa na tairi jipya na cheni iliyopakwa mafuta. Nilipomuuliza alisema ilikuwa inakusanya vumbi na vumbi linaingia kwenye unga. Mke wangu amekua na kaka wenye baiskeli na anaendesha vizuri kuliko mimi, ila hana desturi ya kulisema hilo.

Tukaanza mazoezi jioni, kwenye uwanja wa shule. Nilianguka vibaya. Ule unyayo wa bandia haukai kwenye pedali, maana haujui uko wapi. Unateleza, na ukiteleza baiskeli nzima inalala. Fundi alipendekeza tuufunge kwenye pedali. Nilijaribu mara moja, nikaangukia upande wa kushoto, mguu ukabaki umefungwa na goti likasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Sikutaka tena. Mwishowe niliuvua kabisa, nikaufunga mguu wangu mzima wa kulia kwenye pedali kwa utepe wa tyubu ili uweze kusukuma pedali chini na kuivuta juu. Hivyo nikaweza. Mguu wa bandia niliufunga nyuma kwenye keria, na soksi yake na kiatu chake, ili nikishuka niwe na cha kutembelea.

Siku ya Idi ya kuchinja, mke wangu aliuliza kesho, Idi Pili, tutakwenda kumsalimia nani. Nikasema mama, na nikasema tupite Mlangoni. Alikuwa anakaanga nyama. Aliendelea kuigeuza.

"Basi niikaushe zaidi hii," akasema, "isije ikaharibikia njiani."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, yeye mbele kwa baiskeli ya binti yetu, mimi nyuma. Njia ilikuwa imejaa watu wanaokwenda kusalimiana, kanzu zimepigwa pasi, watoto wameshonewa sare moja. Walinipungia mkono, kisha walipoona kiatu kimechomoza kwenye keria, na ndani ya kiatu kuna mguu, mikono ikashuka. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kando ya njia na bakuli lake la maandazi hakushtuka kama wengine. Nilipomwamkia aliitikia, akanyoosha shingo.

"Na huyo mwenzako wa nyuma?" akauliza.

Nikamwambia huyo amechoka, nimempa lifti. Alicheka mpaka akashika ubavu, akatugawia maandazi, akakataa kusikia habari ya malipo. Nilikula langu nikiendesha. Nilijiona kijana.

Tuliiacha barabara na kushika njia ya mlima jua likiwa limeshapanda. Majani yalikuwa yamekauka, rangi ya njano iliyofifia, na chini ya miombo kulikuwa na kivuli chepesi kinachotembea. Sehemu ya kwanza nilipanda vizuri. Kwa mguu mmoja huwezi kusimama kwenye pedali, huwezi kupumzika. Ukiacha kuvuta, unasimama, na ukisimama unalala. Kwa hiyo nilivuta na kusukuma, nikivuta pumzi kwa mpangilio, mgongo wa mke wangu ukipanda mbele yangu.

Pale njia inapoinuka, utepe wa tyubu ukakatika. Mguu uliruka hewani, usukani ukageuka, nikaanguka kwenye changarawe na kuchubuka kiwiko. Nilikaa pale chini nikiangalia kipande cha mpira mkononi. Kilichobaki kilikuwa kifupi, hakikutosha kuuzunguka mguu wa kulia na kiatu chake kipana.

Wakati huo akapita mtu na mkewe juu ya pikipiki, wanashuka kutoka upande wa Ruangwa. Wakasimama. Yule bwana, mtu mwungwana, alitazama mguu wangu, akatazama mlima, akasema atamteremsha mkewe hapo, atanipandisha mimi mpaka juu, kisha arudi amchukue. Mkewe alikwishaanza kushuka. Nilimshukuru yule bwana, nikamwambia tutafika. Alisita kama mtu anayeacha mzigo wa mwenzake barabarani, halafu wakaenda.

Sauti ya pikipiki ilipoisha nikaona nilichofanya. Kupanda kwa mguu mmoja usiofungwa nisingeweza. Kutembea nikisukuma baiskeli ningeweza, na ningefika juu, na hakuna ambaye angenicheka. Lakini mimi sikutoka nyumbani ili nikatembee Mlangoni. Nilimwambia mke wangu nadhani imeshindikana.

Alikuwa amepiga magoti akinipangusa kiwiko. Akatazama keria.

"Umeubeba tangu asubuhi," akasema. "Sasa na wenyewe ufanye kazi."

Nikamkumbusha uwanja wa shule, lile goti. Alisema anakumbuka. Alikwenda akaufungua mguu, akauvua kiatu, akaniletea. Nikauvaa. Ule utepe uliokatika, mfupi kwa mguu mzima, ulitosha barabara kwenye unyayo mwembamba wa bandia, na alipoukaza alitumia meno. Kisha akailaza baiskeli yake majanini na kuja kusimama upande wangu wa kushoto.

"Ukianguka, utaniangukia mimi."

Nikamwambia asinisukume. Akarudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mkaguzi wa shule, nikaanza kupanda.

Ni vigumu kueleza mguu ambao hauna hisia unavyofanya kazi. Sikuusikia unyayo, nilisikia goti na paja. Kwanza ulining'inia tu. Kisha, kwenye mzunguko wa tatu au wa nne, paja likakumbuka. Likashuka lenyewe wakati wa kulia ukipanda. Baiskeli iliyokuwa ikichechemea asubuhi yote ikanyooka. Nilipanda kwa kuchora njia, kushoto na kulia, kama tulivyokuwa tukipanda ujanani na gunia la korosho nyuma, na pembeni yangu niliona kitenge cha mke wangu na mikono yake bado iko mgongoni. Kifundo cha bandia kililia kila kikigeuka. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Kulikuwa na mahali ambapo gurudumu la mbele liligonga jiwe na nikasimama kabisa, nusu ya pumzi, nikamwona anaachanisha mikono. Nikasukuma kwa kushoto. Kwa kushoto! Gurudumu likapanda jiwe.

Nikapita kati ya yale mawe mawili nikiwa juu ya baiskeli.

Sikuweza kushuka, maana mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa, kwa hiyo nikaliegemea jiwe la upande huo kwa bega na kubaki hivyo, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mke wangu akafika akihema, akaniona nilivyokwama, akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulicheka mpaka akashindwa kufungua fundo alilolifunga mwenyewe. Nilikuwa nalia pia, na sikuona sababu ya kulificha hilo kwake.

Chini yetu nchi yote ilikuwa imefunguka. Mashamba ya ufuta yalikuwa yamekwisha kukatwa, matita yamesimamishwa yakikauka. Mikorosho ilienea, kijani kizito, mpaka miguuni mwa vilima vingine, na nyuma yake vilima vingine tena, vya buluu. Mbali, mabati ya Nkowe yaling'aa. Niliwahi kupaona hapo mara nyingi na kila mara niliharakisha kushuka. Safari hii nilikaa. Yeye akarudi kuchukua baiskeli yake, akapanda nayo bila kusimama hata mara moja, akapita kati ya mawe, akasema wala si pakali sana. Tukala nyama.

Mteremko ule ni mrefu na una mipindo mizuri. Nilishuka miguu yote miwili ikiwa kwenye pedali, breki zikinuka, kanzu ikijaa upepo, na mke wangu akanipita kwenye kona kwa kengele.

Tulifika Nkowe alasiri. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na dada yangu na wageni wa Idi. Alisikia kengele zetu, akainua uso, akaniona natoka mikoroshoni nikiwa juu ya baiskeli. Nikateremka, nikamwamkia. Akaniambia nikae. Akauvua ule mguu kwa mikono yake, akaagiza maji ya uvuguvugu, akaliosha goti langu na chini yake polepole kama alivyokuwa akiniosha nikiwa mdogo. Nilingoja kukaripiwa. Badala yake aliuliza, kwa Kiswahili, kama yale mawe bado yanafaa kupita na mzigo wa kichwani. Yeye alipita hapo akiwa na mimba yangu, akasema, na alikuwa na mtungi.

Nikamwambia yanafaa.

Jioni wageni wengine wakaja, na kila aliyeingia alielezwa na mama kwamba mwanawe amevuka Mlangoni kwa baiskeli. Nilimsikia kutoka ndani nikila wali. Kwa wageni wa kwanza nilikuwa nimevuka tu. Kwa waliofuata kulikuwa na upepo mkali. Walipoingia majirani wa mwisho nilikuwa nimekutana na chui, na mke wangu, aliyekuwa amekaa pale pale karibu naye, akatikisa kichwa kukubali na kuongeza kwamba alikuwa mkubwa.