Nilivyoikimbiza hesabu ya Kabula

Nina miaka sabini na nane. Ukame umenipita, ugonjwa wa ndigana ulimaliza ng'ombe ukaniacha. Leo betri imenitetemesha!

Mjukuu wangu Kabula anasomea chembe ndogo kuliko vumbi. Anasema moja ikisogea zote zinasikia, kichwa cha mtu hakiwezi kuzipigia hesabu, mpaka kompyuta ihangaike nazo wiki nzima.

Asubuhi kaenda sokoni, kaiacha kompyuta yake ya mapajani mezani, imefunguliwa. "Babu, usiiguse, hesabu inaendelea."

Umeme ukakatika. Alama ya betri kwenye kioo ikawa nyekundu.

Nyie, ningekaa tu?

Nikaipakata kama ndama, wazi hivyo hivyo, bodaboda mpaka mtaa wa Makanyagio kwa kinyozi mwenye sola. Hata nzi hakutua.

Kabula kaelekezwa na majirani, kaja anahema. Kaiangalia kompyuta.

"Babu, hesabu inafanyika kwenye kompyuta kubwa ya chuo, Dar. Hii inanionyesha tu."

"Kwa hiyo nimekimbia bure?"

Akanifuta vumbi usoni kwa kitenge chake, machozi yanamtoka.

"Hapana, babu. Hakuna mtu amewahi kuibeba hesabu yangu hivi."

Nikamwambia twende Dar, na hiyo kubwa nitaibeba.

Mnabisha? Muulizeni kinyozi. Naye alilia, anasingizia vinywele vimemwingia machoni.