Koti la Bega Lililoshuka

Walisema sitaweza kukata koti likamkaa mtu. Nguo nyingine waliniachia: kaptula, mifuko ya karanga, hata kanzu, maana kanzu haibani popote na kosa la fundi halionekani upesi. Lakini koti, walisema, ni kazi ya Wahindi na ya watu waliokulia juu ya cherehani. Mimi nilikulia kijijini, nyuma ya stesheni ya Tura, katika nyumba ya wakulima, na hadi naota ndevu sikuwahi kumiliki nguo yenye vifungo zaidi ya vitatu.

Siku niliyoaga kwenda Nairobi, fundi mmoja wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora, aliyeshona kwenye baraza ya duka la Mhindi alinishika viganja, akavigeuza mbele ya wateja wake.

"Kijana, hii mikono ya jembe," akasema. "Nenda, nenda. Ukirudi utatushonea magunia."

Walicheka wote. Nikapanda gari moshi mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, na miaka minne baadaye nilirudi Tabora na diploma ya ukataji wa nguo za kiume, yenye mhuri mwekundu. Tulianza kumi na wanne katika darasa lile la jioni. Tulimaliza watano, nami mchana kutwa nilikuwa nikipiga pasi kwa dobi. Wakati ule wa Mwingereza sikujua mtu mwingine wa Tabora aliyekuwa na karatasi kama ile. Niliitundika ukutani katika chumba nilichopanga Ng'ambo, mahali ambapo mteja hawezi kuingia bila kuiona.

Nauli, ada na cherehani vilitoka kwa watu saba walionikopesha. Mjomba wangu wa Tura aliuza ng'ombe wawili. Wengine sita walikuwa majirani wa Ng'ambo, nilikokuwa nikikaa kabla ya safari. Hatukuandikiana. Makubaliano yalikuwa kwamba nikirudi nitapewa muda wa mavuno mawili kulipa; nikishindwa, cherehani itauzwa na wao wagawane. Mnunuzi alikwisha kupatikana, naye alikuwa yule yule fundi wa barazani. Alikuwa akipita mlangoni kwangu, anaingia bila hodi, anakanyaga pedali mara mbili tatu kusikiliza mlio wake.

"Itunze vizuri," ananiambia. "Usije ukaniharibia."

Miezi miwili ilipita na hakuna aliyeniletea koti. Kaptula tu, na suruali za kutia viraka. Ndipo akaja mzee mmoja kati ya wale sita, jirani wa nyumba ya pili. Ujanani mwake, kabla reli haijafika, alikuwa mpagazi. Alikwenda Bagamoyo na kurudi mara nyingi, na pembe za ndovu alizibeba bega la kushoto. Bega lile lilikuwa limeshuka, na juu yake palikuwa na nundu ngumu kama kisigino. Kila koti alilonunua lilimtelemkea upande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wenzangu wameanza kuuliza habari zako. Nimewaambia, mwacheni kwanza anishonee mimi, nivae Idi. Likinikaa, hakuna atakayeuliza tena. Likinikataa, nitakuja mwenyewe kuibeba hiyo cherehani. Na kubeba najua."

Alikuwa na kitambaa cha sufu cha kijivu alicholetewa na mwanawe anayefanya kazi reli. Kilitosha koti moja, na kingine kama kile hakikuwapo Tabora nzima. Idi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Nilimpima kama nilivyofundishwa. Nilimsimamisha wima, nikamvika futi ya utepe shingoni, nikapima kuanzia mfupa wa shingo hadi ncha ya kila bega. Nikazungusha futi kifuani chini ya kwapa, nikaacha nafasi ya vidole viwili. Nikapima mgongo, kiuno, na mkono ukiwa umekunjwa kidogo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka nusu inchi tu. Nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe macho ya watu hukuza mambo. Futi ndiyo isemayo kweli.

Siku ya tano nilimjaribisha koti likiwa limepigwa bandi, ile mishono mirefu ya muda. Nilimvika mwenyewe, nikamnyoosha kola, nikamzunguka. Lilimkaa kama ngozi yake. Mzee akafurahi mno, akataka kuvuka barabara akamwonyeshe mkewe. Hakufika. Katikati ya mchanga koti lilimporomoka upande wa kushoto, mkono ukafunika vidole, na nyuma ya shingo kola ikaachama. Na nani alikuwa akipita?

"Mzee!" yule fundi akaita. "Umelivaa, au linakuparamia?"

Barabara nzima ilicheka. Mzee akarudi kwangu. Nikamvika tena, nikamnyoosha, likakaa sawasawa. Akatoka, likaporomoka. Nikarudia kukagua vipimo vyangu kimoja kimoja na havikuwa na kosa. Alasiri yote nilikaa nalitazama lile koti mezani, nikajua kwamba diploma yangu na cherehani yangu vyote vimo ndani yake.

Kabla ya magharibi mke wa mzee akaja. Aliingia, akaketi kwenye kigoda.

"Ulimpima amesimama?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukamwekea kitu begani?"

"Futi tu, bibi. Na mikono yangu."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Mwanangu, yule ukimwekea hata kitambaa begani anajikaza. Huu mwaka wa arobaini naishi naye. Akiguswa tu anavuta pumzi, anapandisha bega, anangoja mzigo. Yeye mwenyewe hajui. Mwili wake haujaambiwa kwamba safari zimekwisha."

Nikaona kosa langu lote kwa mara moja. Nilikuwa nimempima mtu anayekaribia kutwikwa pembe, na nilipomvika koti, mikono yangu ilimfanya awe mtu yule yule. Barabarani, aliposahau, akawa mzee anayekwenda kwa mkewe, na huyo sikuwa nimemkatia koti.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nilimwomba bibi aniletee koti kuukuu la mumewe. Nairobi tulifundishwa kwamba kama mwili hausomeki, isome nguo iliyozoeleka. Nililitandaza mezani, nikafunga vifungo, nikalipapasa lilale bila kulivuta. Nikapima kwapa hadi kwapa na kuzidisha mara mbili, nikapima mgongo, nikapima kila mkono peke yake. Lilikuwa koti baya, lakini alilivaa miaka mingi na limeshika kila tabia yake. Bitana ya kushoto ilikuwa imelika mahali pamoja, pale inapokutana na nundu. Mkono wa kushoto bibi alikwisha kuupunguza kwa sindano yake, inchi moja na nusu. Kila alama nikaiandika.

Kisha nikampa bibi uzi wa katani. Nikamwonyesha mwanzo na mwisho, shingo hadi bega, bega hadi kifundo cha mkono, kifua kizima, na namna ya kufunga fundo.

"Nitampima anapokula," akasema. "Akila hata nyumba ikiungua hageuki."

Asubuhi aliniletea nyuzi tano zenye mafundo. Nilizilaza juu ya futi, moja baada ya moja. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka inchi moja na robo tatu. Kifua kilikuwa chembamba kuliko nilivyoandika, kwa sababu kwangu alikuwa amejaza pumzi. Nyuzi za bibi na koti kuukuu vilipishana robo inchi tu. Sasa nilikuwa na mashahidi wawili ambao hawakuonana.

Nilifumua koti lote, mshono kwa mshono. Kilichoniokoa ni kwamba kwenye kila mshono nilikuwa nimeacha inchi nzima ndani. Mafundi wa barazani hawaachi, wanaona ni hasara ya kitambaa. Nilipunguza kifua, nikashusha mshono wa bega la kushoto, nikalijengea mto wa pamba wa tabaka tatu, mnene kwenye ncha na mwembamba kuelekea shingoni ili usiigonge nundu. Inchi ile ya ndani ikatosha kuufunika mto, na mkono nikaukata upya uwe mfupi. Kwa siku kumi sikupokea kaptula ya mtu. Waliokuja niliwaambia warudi baada ya Idi, na wengine walinuna.

Siku mbili kabla ya Idi mzee alikuja. Sikumgusa. Koti nilikuwa nimelitundika kwenye msumari, nami nikaketi mikono yangu nikiwa nimeikalia.

"Vaa, mzee. Halafu nenda sokoni ukaninunulie tumbaku."

"Wewe tangu lini unavuta?"

"Leo naanza."

Akavaa, akaenda. Nilimfuata kwa mbali. Akasalimia kulia, akasalimia kushoto, akainama kuokota fimbo yake, na kola haikuachana na shingo. Alipofika kwenye baraza ya duka, yule fundi akaacha kushona, akashuka, akamzunguka. Kisha akamwekea kiganja begani. Bega likapanda, na koti likafura upande ule.

"Hee! Njooni mwone, linapanda hili!"

"Toa mkono wako," mzee akasema.

"Nasema tu, mzee wangu, hapa begani..."

"Toa."

Fundi akautoa. Bega likashuka polepole, na koti likashuka nalo, likatulia mahali pake bila kunjo hata moja.

"Haya," mzee akasema. "Sasa tazama."

Fundi akatazama kola, akatazama mkono. Aliponiona nimesimama nyuma ya watu hakunisalimu. Aliniuliza tu, "Mto umeutia nini? Pamba?"

"Pamba. Tabaka tatu."

Akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Tangu siku ile hakukanyaga tena pedali yangu.

Siku ya Idi mzee alilivaa kwenye swala, kisha akalitembeza Ng'ambo nyumba kwa nyumba. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa na makoti manne ya makarani wa reli na mawili ya walimu wa misheni. Kila mmoja nilimpima mwili, nikapima na nguo aliyoizoea, kisha nikamtazama anavyotembea akienda zake. Wengine waliona ni maringo. Maringo yangu yaliwakaa vizuri.

Nililipa mwezi mmoja kabla ya mavuno ya pili, Jumapili. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimewamaliza majirani wote sita. Mzee nilimlipa fedha yake kamili, maana koti alinilipa kama mteja. Kisha nikapanda gari moshi hadi Tura kwa mjomba. Alihesabu, akafunga fedha kwenye pembe ya shuka, akamwita mkewe alete chakula.

Tangu nirudi kutoka Nairobi, kila nilipokula nyumbani kwa mjomba nilikula upesi na kuaga, kama mtu anayedaiwa. Jumapili ile nilinawa taratibu, nikala hadi chungu kikaisha, nikaomba maji, nikajinyoosha mkekani.