Maboksi Matatu na Wajumbe Watatu

Sheria ya wajumbe watatu niliipigania mimi mwenyewe. Serikali ilipoagiza kamati za zahanati zishuhudie dawa zikipokelewa, wenzangu kwenye kamati yetu waliona ni usumbufu. Nikapiga meza. Nikasema dawa zinaishia mifukoni mwa watu wakati wagonjwa wanarudi mikono mitupu, na kuanzia siku hiyo boksi lisifunguliwe bila wajumbe watatu kusimama pale. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo walinikubalia upesi.

Mdogo wangu wa kike ana kifafa. Tunaishi naye hapa kijijini Nakwa tangu mama alipofariki. Akimeza vidonge vyake kila jioni, analima, anapika, ananitania kitambi changu. Msimu huu, tukivuna maharage, vidonge vilikwisha, na zahanati havikuwepo. Nilizunguka maduka yote ya dawa mjini. "Labda Arusha," waliniambia. Ndugu yetu wa Arusha naye akazunguka, akakosa. Nikamkataza mdogo wangu kukaribia moto, lakini nani atamchunga mtu mzima kutwa nzima?

Alhamisi maboksi matatu yakashushwa zahanati. Nilitoka shambani mbio, mabuti yamejaa matope. Yalikuwa stoo, utepe haujakatwa. Kamati yetu ilikuwa imebaki na watu watatu, na pale tulikuwa wawili tu, mimi na mama mmoja. Mwenyekiti, ambaye ndiye wa tatu, alikuwa msibani Dareda, amefiwa na mkwewe, hadi Jumatatu.

"Shikamoo baba," nesi alisema. "Nifungue? Nitoe za mgonjwa wako tu, halafu tufunge tena."

Yule mama alikuwa ananitazama. Nikiruhusu leo kwa ajili ya ndugu yangu, kesho nitamzuia nani? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Tusubiri," nikasema. Nilijichukia palepale, na bado sikuona la kufanya.

Jumapili, mimi nikiwa kanisani, mdogo wangu aliona njaa akabandika makande. Akaanguka. Mkono wa kulia uliingia katikati ya mafiga, na hapakuwa na mtu wa kuutoa. Hospitali walimfunga bandeji hadi kwenye kiwiko.

Jumatatu mwenyekiti alirudi, tukasimama watatu kama nilivyotaka. Nesi akakata utepe. Vidonge vyake vilikuwa kwenye boksi la kwanza, juu kabisa. Nilishindwa hata kukasirika.

"Maboksi yamekutwa yamefungwa?" nesi aliuliza, akijaza fomu.

"Yamefungwa," nikajibu, nikaweka sahihi.

Jioni nilimpelekea mdogo wangu kidonge na kikombe cha maji. Mama alitulea tukijua kwamba mkubwa wako humpokei kitu kwa mkono wa kushoto, ni kumdharau. Alinyoosha huohuo wa kushoto, macho ameyainamisha.

"Nisamehe kaka," akasema, "nakupokelea vibaya."